Mrejesho: Wauzaji wa duka nimepata, Chake Chake, Pemba

Assalaam aleikum wenzangu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu vijana wawili walioniachia duka la nguo wakaenda kuchuma karafuu zilipoiva. Ahsanteni kwa majibu.

Kwanza nakiri niliwalaumu bure. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha karafuu alizochuma, pesa anaiona mapema. Mimi nililipa mwisho wa mwezi, na mara nyingine nikachelewa. Nani angebaki? Sasa nalipa kila wiki mbili.

Tangazo la mlangoni lilileta watu wengi, lakini aliyenisaidia hasa ni sheha, kiongozi wa mtaa wetu. Aliniletea watatu, nikampa kila mmoja nusu siku dukani: kupima kitambaa, kurudisha chenji, kuandika daftari la mauzo. Kijana niliyempenda kwa maneno yake alikosea chenji mara mbili. Mama mmoja mkimya, ambaye kwa mazungumzo tu nisingemchukua, alimkumbuka mteja wa asubuhi na rangi ya dera aliyoikosa, akamwekea. Nimemwajiri yeye. Aliomba kutoka alasiri amfuate mwanawe chuoni (madrasa), nikakubali.

Wa pili niliyemwajiri aliniambia wazi kuwa karafuu zikiiva atakwenda kuchuma. Ukweli wake ulinigusa. Tumekubaliana likizo bila malipo, dada yake atamshikia nafasi.

Yule aliyesisitiza mkataba wa maandishi na ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, Mungu akulipe. Wote wawili wameshatia saini, na michango ya mwezi wa kwanza nimeipeleka.