Mchimba kisima kanilia hela za mita 120, pampu inavuta dakika 20 tu maji kwisha!

Kamwene wakuu.

Nina hasira, mnivumilie. Niko pembeni ya Iringa mjini, upande wa Nduli, huku ambako mawe yamepandana mpaka wageni wanasimama kupiga picha. Hata mtoto anajua chini ni jabali. Kasoro "mtaalamu" wangu.

Alikuja na nyaya mbili mkononi, akazunguka kwenye mahindi ya mama watoto, nyaya zikapishana, akasema hapa. Hiyo ndiyo sevei niliyolipia! Wenzake wanapitisha umeme ardhini waone mwamba umeoza, yaani umelainika na kumeguka, hadi wapi na umepasuka wapi, maana jabali zima halina maji. Maji yako kwenye ule mwamba uliooza juu na kwenye nyufa, basi.

Kufika mita 38 nyundo ya mashine ya kuchimbia ikagonga mwamba mgumu. Vikaanza kutoka vipande vyeupe, havina hata rangi ya kutu ya kuonyesha maji yamewahi kupita. Nikamwambia simamisha. "Mzee wangu, maji yako chini zaidi." Wapi! Huko chini nyufa zinazidi kuwa chache na kubana. Lakini yeye si analipwa kwa mita? Akatwanga hadi 120.

Kilichoniua ni kipimo cha kisima kinatoa maji kiasi gani. Wakalala, asubuhi kompresa ikapuliza hewa kisimani robo saa, maji yakaruka, vijana wakashangilia, akaandika lita 3,000 kwa saa. Nikanunua pampu ya kiasi hichohicho. Dakika 20, hewa. Nikakaa na kalamu: dakika 20 ni lita 1,000, na bomba la inchi 5 lenye maji mita 80 linabeba hizohizo lita 1,000. Kumbe navuta yaliyojikusanya bombani usiku kucha! Angeacha pampu ivute saa 24 huku anapima maji yanashuka na kurudi vipi, uongo ungejulikana palepale.

Kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, kinachotakiwa na sheria ya maji ya 2009? "Kinakuja." Ofisi za bonde ziko hapahapa Iringa, bajaji tu.

Jana kanipigia eti niongeze mita 30.

Mliochimba Nduli, mwenye ripoti yake aniambie: mwamba mgumu mliukuta mita ngapi, na maji yaliingilia kina gani? Na wewe bwana, kama umo humu, namba yangu unayo.