Mama anasema mzima, kipimo kinasema 178/104. Nishike lipi?

Kitindamimba: Wakuu, naombeni ushauri. Mama ana miaka 72, yuko Muheza. Kila nikipiga simu: "Mzima kabisa mwanangu, magoti tu." Juzi nimefika, tumempima presha 178/104, iko juu sana. Akapumzika, tukarudia, vilevile. Dawa alizopewa mwezi wa sita nimezikuta kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati, vimepungua vidonge sita tu. Kuuliza kulikoni, akanijibu: "Asubuhi nimechimba mihogo. Mgonjwa anachimba mihogo?" Nikakosa la kusema.

Wa Pangani: Hapo kakushinda mkuu 😀 Kwa wazee wetu uzima ni kufika shamba na kurudi. Na presha mara nyingi haiumi, sasa ataijuaje?

Nesi Mstaafu: Mwanangu, "sijambo" ni kuitikia salamu, usiihesabu kama jibu. Muulize: njiani kwenda kisimani unapumzika mara ngapi? Mwaka jana je? Usiku unalalia mito mingapi ili upate pumzi? Tena muulize taratibu kwa nini aliacha dawa. Zipo za presha zinazokojoza sana, wazee huziacha kimyakimya kwa aibu. Mrudishe kliniki wiki hii, wanaweza kumbadilishia. Kifua kikibana, mdomo ukipinda au upande mmoja ukifa ganzi, msingoje kliniki, hospitali saa hiyohiyo.

Babu Kijana: Kwetu ilikuwa kinyume. Vipimo vya mzee safi, yeye anasema "mimi nimekwisha". Tulimcheka, na hilo najuta mpaka leo. Kuna utafiti wa Mossey na Shapiro wa 1982, jimbo la Manitoba, Kanada: wazee zaidi ya 3,000 waliulizwa tu wanaionaje afya yao, kisha wakafuatiliwa. Waliosema ni mbaya walikufa zaidi, hata wale ambao kumbukumbu za matibabu hazikuonyesha ugonjwa mkubwa. Kwa hiyo mzee akilalamika, sikiliza. Akijisifu uzima, mpime hivyohivyo.

Kitindamimba: Mrejesho. Nesi, shikamoo, umepatia. Alianza dawa Jumanne, Jumapili mkojo ukambana katikati ya ibada, akaapa hazigusi tena. Na kisimani anapumzika mara tatu, mwaka jana alikuwa anakwenda moja kwa moja. Kliniki ni Alhamisi. Amekubali, ila anasema kwanza amalize mihogo.