Mechi gani moja nimuekee huyu mpwa wangu asiyeamini mieleka?

BabaTima_Kisauni

Salaam aleikum wakuu, na wengine wote hamjambo. Nna kesi hapa nyumbani naomba mnisaidie. Nna mpwa wangu, mtoto wa dadangu, yuko fomu tatu, kaja kukaa kwangu likizo hii na kichwa chake chote kiko UFC, ile ya kupigana kweli, kutwa yuko na simu aangalia watu wakisagana ndani ya kizimba. Juzi usiku nimekaa zangu baada ya isha naangalia mieleka ya Bret Hart kwa YouTube, kijana kapita nyuma ya kiti, kasimama kidogo, kisha kacheka, "Mjomba, na umri huo bado waangalia maigizo?" Wallahi limenikaa hapa kooni mpaka leo.

Mimi sibishi kwamba mshindi ashajulikana kabla kengele haijalia, hilo twalijua sote, sisi si watoto. Lakini kuna mechi ukiiangalia wasahau kama wajua, na hiyo ndio naitaka. Tumekubaliana Jumapili baada ya chakula atakaa na mimi mechi moja tu, akicheka tena basi mimi nanyamaza maisha. Nayumba kati ya mbili, Hogan na Andre ya 1987 kwa sababu hiyo ndio iliyonitia ugonjwa huu, ama Bret na Stone Cold Steve Austin ya 1997. Msiniletee mambo ya Roman Reigns, hayo hata yeye ayaona na ndio yamfanya acheke. Na isizidi nusu saa tafadhalini, akili za hawa watoto zaenda na TikTok.

Mkanda_Mkuukuu

Baba Tima, Hogan na Andre usithubutu ndugu yangu. Nasema hivi na ile mechi mimi naipenda sana. Sisi tuliionea Majengo kwenye kibanda cha video, kaseti imekopiwa kutoka kaseti nyingine mpaka Hogan amekuwa rangi ya papai, mistari yapita katikati ya skrini, mwenye deki kila mara aifungua ausugua ule hedi kwa pamba na spiriti na watu wampigia kelele amalize, na bado Hogan alipomnyanyua lile jitu watu walipanda juu ya mabenchi, benchi moja likavunjika na hakuna aliyejali.

Lakini hebu iangalie leo kwa macho ya mtoto wa UFC. Andre alikuwa mgonjwa, mgongo ushapasuliwa, ndani ya lile vazi jeusi la kamba moja begani kafunga mshipi wa kushikilia kiuno, hawezi kukimbia, hawezi kuruka, sehemu kubwa amemkumbatia Hogan tu pale katikati. Uzito wake ulikuwa ukitangazwa ratili 520, hizo ni kama kilo 236. Ukishajua hayo ndio waelewa kwamba ule mnyanyuo Andre mwenyewe aliukubali, mtu wa uzito ule hanyanyuliwi asipotaka, na alimuachia Hogan nafasi yake mbele ya umati mzima wa uwanja wa Silverdome akijua yeye mwili ushamkataa. Hakuishi sana baada ya pale, 1993 kafa. Mimi hapo ndio machozi hunitoka. Sasa mpwa wako hayo hayajui, yeye ataona wazee wawili wamekumbatiana.

Usiku uleule, ringi ileile, muekee Savage na Steamboat. Stori yake ni kwamba Savage alimvunja koo Steamboat kwa kengele miezi ya nyuma, kwa hivo jamaa kaja na hasira zake. Savage alikuwa mtu wa kuipanga mechi hatua kwa hatua mpaka yamkaa kichwani, na yaonekana, kama dakika kumi na nne na nusu hivi hakuna anayepumzika, kila saa mmoja amembandika mwenzake mabega chini, refa ahesabu moja, mbili, huyoo kachomoka. Mwisho George Steele, yule mwenye manyoya, amsukuma Savage kutoka kamba ya juu, Steamboat amkunja kama jamvi, kwisha. Watu walitangaziwa waliingia 93,173 siku ile, wenye kufuatilia wabisha wasema ni kama 78,000, mimi nasema hata wangekuwa nusu yake bado Savage na Steamboat ndio waliowalipa pesa zao.

BintiTudor

Shikamooni wazee. Kaka Baba Tima jibu unalo mwenyewe, ni hiyo ya pili. Na nikupe kitu cha kumkalisha kijana sawa kwa kiti kabla mechi haijaanza: muambie amtazame refa. Ni Ken Shamrock, aliyepigana UFC ile ya kwanza kabisa ya 1993. Kama mpwa wako ni mtu wa UFC kikweli na si wa vipande vya TikTok, huyo atamjua.

Mechi yenyewe ni WrestleMania 13, lile tamasha kubwa la mieleka la kila mwaka, ukumbi wa Rosemont kando ya Chicago, sharti ni moja tu, mpaka mmoja asalimu amri. Bret aingia yeye ndio stelingi, Austin ndio adui. Wapigana mpaka juu huko kwa watu, warudi, Austin amnyonga Bret kwa waya wa umeme, Bret anyoosha mkono aokota kengele amtwanga nayo, kisha ndio amfunga ile Sharpshooter, funga yake ya kukunja miguu. Sasa hapo kamera iko karibu, uso wa Austin wote ni damu, yamiminika kutoka kwa paji yapita kwenye meno, na yeye ajiinua kwa mikono, ajiinua, karibu aivunje ile funga, halafu nguvu zamuisha ashuka. Na hakusalimu. Alizimia, Shamrock ndio kasimamisha.

Haijaisha. Bret kashashinda lakini arudi kumpiga mtu aliyezimia, miguu, magoti, mpaka Shamrock amkamata kiunoni amvuta, na waskia ukumbi umebadilika, wale waliomshangilia ndio wamzomea. Austin kuamka, refa mwingine aja kumsaidia, ampiga yule refa chini, kisha atoka kwa miguu yake mwenyewe achechemea na watu waimba jina lake. Dakika ishirini na kitu, stelingi kawa adui na adui kawa stelingi, na hakuna aliyesimama na maikrofoni kuwaambia watu sasa geukeni. Mimi kwangu hiyo ndio kazi ya mieleka, na hiyo hata kwa kizimba cha UFC huipati ukiitaka, yatokea bahati tu.

Chumvi_Likoni

Mbona mwazunguka? UNDERTAKER NA MANKIND. King of the Ring, Juni 1998, Pittsburgh. Kijana apenda vizimba sio? Basi muonyeshe kizimba. Mtu katupwa kutoka juu ya paa, kama mita tano hivi, kapasua meza ya watangazaji. Wakaja na machela wakamlaza, jamaa kashuka kwa machela karudi kapanda TENA. Huko juu Undertaker kamkaba akamtupa juu ya waya, paa likaachia, kaanguka mpaka ringini, kiti kikamfuata kikampiga usoni, jino likapanda puani. Na bado kamaliza mechi, tena kaangushwa juu ya zile pini za kubandikia karatasi zimemwagwa chini. Maigizo yako wapi hapo?

BintiTudor

Chumvi, hiyo si mechi hiyo ni ajali yenye refa. Kuanguka kwa kwanza walipanga, kwa pili hakukupangwa, lile paa halikutakiwa kuachia, na Undertaker mwenyewe siku ile mguu ulikuwa umevunjika. Mick Foley, huyo Mankind, namheshimu mpaka mwisho, lakini tangu Owen Hart aanguke kutoka darini Kansas City 1999 akafa, mimi hizi za kurushwa kutoka juu siziangalii kwa raha tena. Na sitaki kijana afundishwe kwamba mieleka ni nzuri ati kwa sababu mtu karibu afe.

Chumvi_Likoni

Sawa dada, lakini kucheka hatacheka 😂

Thurungi_Bila_Maziwa

Wadau nitoke nje ya mada kidogo, hili neno la maigizo limenikumbusha Kamala. Mwamkumbuka? "Jitu la Uganda". Rangi nyeupe usoni, nyota na mwezi zimechorwa kifuani na tumboni, miguu mitupu, haongei lugha yoyote, ajipiga tumbo tu, na yule msimamizi wake Kim Chee kafunika uso na kofia ya mwindaji. Kwetu Changamwe kulikuwa na mzee dereva wa trela, yeye safari zake ni Malaba mpaka Kampala, huyo alikuwa akiapa barazani kwamba Kamala kamuona kwa macho yake huko akinunua ndizi. Na tulimuamini, mtu wa barabara utambishiaje.

Kumbe mtu ni James Harris wa Mississippi. Akina Jerry Lawler ndio waliomtengeneza hivo huko Memphis 1982, na alipotoka kwenye mieleka kazi aliyofanya hukohuko Marekani ni kuendesha malori. Nikikumbuka mzee wetu nacheka peke yangu.

Lakini pia kuna uchungu kidogo. Sisi tumejazana kibandani twamshangilia Mwafrika wetu, kumbe kachorwa vile ili watoto wa Kizungu waogope Mwafrika. 1992 wakampeleka Wembley apigane na Undertaker, Novemba yake wakamtia jeneza. Baadaye sukari ikamkata miguu yote miwili, kafa 2020. Na kuna Akeem pia, yule wa "Afrika", mzungu mtupu yule kavaa kanzu za rangirangi acheza mabega. Ndio maana Kofi Kingston alipombwaga Daniel Bryan 2019, mtu kazaliwa Ghana kweli sio ya kuchorwa, mkanda mkubwa kiunoni, mimi nlipiga kelele mke wangu akadhani kuna mwizi. Tena hata huyo mwanzo walimuingiza ati ni Mjamaika! Si Mghana, Mjamaika, sijui Ghana iliwakosea nini.

Kwa hivo Baba Tima ukitaka yangu, muekee Kofi, japo najua wasema usiletewe za juzi.

MwembeKuku_Juu

Nyote mwazungumza majitu na damu. Kijana wa fomu tatu muekee REY MYSTERIO NA EDDIE GUERRERO, Halloween Havoc 1997, Las Vegas, hiyo ni ya WCW, kampuni ya mieleka. Rey akishindwa avua barakoa, Eddie akishindwa aacha mkanda wa ubingwa. Rey kavaa lile vazi la zambarau limemshika mwili mzima, mdogoo, na Eddie amtesa kwa makusudi, amvuta barakoa, akejeli watu, ana roho mbaya mpaka wataka uingie ndani ya runinga. Halafu Rey akiruka aruka kweli, hakuna kompyuta pale hakuna kamba ya kumshika. Mwisho wako juu ya kamba wote wawili, Eddie ataka kumtupa, jamaa kamgeuzia hewani wakashuka ni Rey aliye juu. Kama dakika kumi na nne. Hata mamangu mzazi aliiangalia yote na yeye hajui WCW ni nini.

Na kama hoja ni UFC, mkumbushe Eddie huyohuyo Februari 2004 alimtoa mkanda Brock Lesnar. Lesnar huyo 2008 akaenda akachukua mkanda wa uzito wa juu wa UFC. Sasa achague atacheka lipi.

Mkanda_Mkuukuu

Mwembe Kuku hapo kwa Lesnar umenitonesha. Undertaker mechi 21 za WrestleMania hajaguswa, tangu 1991, mtu mmoja anakuja 2014 azifuta kwa hesabu tatu. Wangempa kijana anayepanda basi tungesema twamjenga mtu. Lesnar alihitaji nini?

Rey na Eddie lakini nakuunga mkono, ni nzuri. Bado nasema Savage.

BabaTima_Kisauni

Shukrani sana wakuu, sikutarajia mtanijibu hivi. Mkanda, uliyosema ya Andre yamenifanya nikairudia usiku na kweli nimeona kitu kingine kabisa, lakini hiyo ni ya kwangu mimi, sitamuekea. Chumvi, yako naiacha, mamake akisikia nimemuonyesha mtoto jino puani hatarudi tena hapa. Thurungi ile ya trela ntaiiba, ntaisema barazani kama yangu.

Naenda na Bret na Austin. Nshamtega kijana asubuhi kwenye chai, nikamuuliza tu hivi kwa juu juu, Ken Shamrock wamjua? Kaacha kutafuna mahamri kaniangalia, "Yule aliyepigana na Royce Gracie? Mjomba wewe wamjulia wapi?" Sikumjibu kitu. Rey na Eddie naiweka akiba, kama Jumapili ikienda vizuri naiunganisha hapohapo.

BintiTudor

Allah akufanikishe kaka. Ila tafuta ile yenye sauti ya watangazaji wenyewe, Jim Ross na wenzake, si zile vipande watu wamekatakata wakatia muziki juu, ukimuekea hiyo umeshaharibu. Na anzia pale wanapoingia, usimrukishie, akikosa kuona jinsi Bret alivyoshangiliwa mwanzo, ule mwisho hatauelewa.