Prodyuza akiugeuza wimbo wako mpaka ukapendwa, yeye ni mtunzi au fundi tu?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa rohoni miaka, leo acha nilitoe. Kila mkibishana hapa nani mkali mnataja wasanii tu, yule aliyekaa kwenye mashine anatajwa sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo halafu basi.

Msimamo wangu nausema mapema: prodyuza aliyetengeneza mdundo, akapanga kiitikio kikae wapi, akakata beti, huyo ni mtunzi mwenzako na anastahili fungu lake kila wimbo unapoingiza hela, sio hela ya kurekodi siku moja ikawa imeisha hivyo.

Naongea niliyoyaona. 2004 kundi letu la watu watatu tulijichanga tukaenda studio moja ya uswahilini, chumba kimoja, ukutani trei za mayai, mlangoni blanketi la kuzuia kelele za nje. Wimbo wetu tulikuwa tumeukariri mwezi mzima, beti tatu ndefu na kiitikio cha kuimba. Jamaa akasikiliza mara moja, akanyamaza, akabonyeza noti nne kwenye kinanda kwa kidole kimoja, akazirudia rudia weee, kisha akasema ule mstari wa tatu kwenye beti la pili ndo kiitikio chenu, hicho mlichokuja nacho kitupeni. Tulinuna. Mwenzetu mmoja alitoka nje kabisa. Lakini tulipoingiza sauti kila mtu mle ndani alijua, hata muuza kahawa aliyepita dirishani aliondoka anauimba ule mstari. Ukapigwa redioni, tukapata shoo za mikoani, na yule kaka alibaki na elfu themanini zake.

Sasa chukua prodyuza P-Funk Majani pale studio ya Bongo Records. Juma Nature, Mangwea, Jay Moe, sauti hazifanani hata kidogo, lakini ngoma ikigonga tu na besi ikiingia unajua hii ya Majani kabla mtu hajafungua mdomo. Nairobi hivyo hivyo, maprodyuza wa Ogopa Deejays na akina E-Sir, Nameless, Redsan, halafu studio ya Calif ya prodyuza Clemo na akina Nonini na Jua Cali, mpaka ukisikia mitindo yao ya kapuka au genge akili inaenda kwenye studio kwanza, msanii baadaye. Kama huo sio utunzi ni nini?

Mchangiaji wa kwanza

Mdogo wangu nakuheshimu ila hapana. Mimi nimekulia kwenye dansi. Sikinde na Msondo walirekodi Redio Tanzania bendi nzima inapiga kwa pamoja, fundi mitambo kazi yake kupanga maikrofoni na kusema anzeni. Solo, rizimu, besi, tarumbeta, vyote vimeshapangwa mazoezini, watu wameshaucheza wimbo ukumbini kabla haujaingia kwenye mkanda. Prodyuza hapo nani? Bendi yenyewe. Hiki mnachokiita ubunifu wa prodyuza kimekuja kwa sababu vijana wanaingia studio mikono mitupu, wana mistari tu kwenye daftari. Nyinyi mlimlipa, mkamalizana. Fundi seremala akikuuzia kitanda hakudai kila ukilala.

Mchangiaji wa pili

Shikamoo mzee wangu. Hata hao wa dansi mkono wa anayerekodi uliwagusa sana. Redio Tanzania mashairi yalikuwa yanapitiwa kwanza ndo bendi irekodi, hapo tayari kuna mtu wa nje kwenye utunzi. Na waliorekodi kwa ajili ya santuri ndogo za Nairobi, wimbo ulikatwa vipande viwili, upande wa kwanza unaimbwa, unageuza sahani ndo magitaa yanachanganya. Ukubwa wa sahani ndo uliopanga wimbo uvunjike wapi. Sasa kama sahani inaweza kuupanga wimbo, mtu mwenye masikio je?

Hata wazungu hili liliwakuta. Beatles, bendi ya Uingereza, 1962 walimpelekea prodyuza wao George Martin wimbo wa taratibu, akawaambia uchangamsheni, walipouchangamsha ukawapandisha. 1965 yeye ndo aliyetoa wazo la kuweka fidla mbili, viola na selo nyuma ya wimbo ambao McCartney wa Beatles aliupiga na gitaa tu. Utunzi umeandikwa Lennon na McCartney, Martin alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya rekodi ya EMI anakula mshahara. Mimi naona hapo kuna dhuluma, iwe Ulaya iwe Temeke.

Mchangiaji wa tatu

Mnamsifia sana prodyuza, kuna upande mnaukwepa. Chukua Wailers, kundi la rege la Bob Marley. Albamu ya Catch a Fire ya 1973, mikanda ilitoka Jamaika, Chris Blackwell, mwenye lebo iliyoitoa, akaifanyia kazi London, akamwingiza Wayne Perkins, mpiga gitaa kutoka Alabama, na Rabbit Bundrick kwenye kinanda, lengo wasikilizaji wa roki waielewe. 2001 wakatoa toleo lenye zile rekodi za Jamaika za mwanzo pamoja na za London. Zisikilizeni zote mbili usiku mmoja kama nilivyofanya mimi. Ya London imelainika, gitaa linalia kila mahali, ile ya Jamaika besi na ngoma zimekaa wazi, kavu, na sauti tatu za Bob, Peter na Bunny ziko karibu kabisa na sikio. Blackwell aliwafungulia dunia, sikatai, lakini utunzi ulikuwa umeshakamilika Kingston. Kuongeza gitaa sio kutunga. Mkianza kugawa fungu kwa kila aliyegusa, msanii atabaki na nini?

Mleta mada

Mzee wa dansi, nimekusikia na wewe umenigusa zaidi. Ila kitanda unauziwa mara moja, wimbo unauzwa kila siku, kila unapopigwa. Seremala angeona kitanda kile kile kinauzwa upya kila asubuhi naye angeuliza.

Ndugu wa Wailers, hapo tunakubaliana kuliko unavyodhani. Aliyeongeza gitaa alipwe kama mpiga gitaa. Mimi namsemea yule ambaye ukitoa alichofanya wimbo haupo. Zile noti nne zikitoka, wimbo wetu ni maneno matupu, tumewahi kuuimba bila hizo kwenye shoo moja ya Morogoro mashine ilipogoma, watu wakatutazama tu.

Na msidhani sheria imemmaliza. Ile ya hakimiliki ya 1999 inamtambua mtayarishaji wa rekodi, lakini anayelengwa pale ni mwenye kuanzisha na kubeba jukumu la kazi ya kurekodi, mara nyingi mwenye studio au lebo. Kijana aliyeajiriwa mle ndani akapiga mdundo, bila karatasi anaweza kuambulia patupu. Ndo maana nasema makubaliano yaandikwe kabla ya kuingiza sauti, maana wimbo ukishapendwa kila mtu anakumbuka vya kwake.

Yule kaka nilikutana naye Mbagala mwaka jana, siku hizi anatengeneza simu. Nilimwita kwa jina lake la studio, akacheka, akagonga zile noti nne kwa kucha juu ya kioo cha meza, kwa mpangilio ule ule. Nimewapigia wenzangu tuandikishe upya, majina manne. Mmoja kakubali. Yule aliyetoka nje siku ile anasema mistari ni yake, hagawi na mtu.