Tangazo la Instagram linaleta "bei gani?" kibao, wanaolipa hawafiki watano. Tatizo liko wapi?

MashukaKkoo
Wakuu habari za mchana. Nauza mashuka Kariakoo, ukurasa uko Instagram, oda tunamalizana WhatsApp. Wiki iliyopita nimeboosti posti moja ya shuka 6x6, 10,000 kwa siku kwa siku 7, jumla 70,000. Likes za kutosha, meseji 58, waliolipa wanne. Seti naichukua 30,000, mfuko na stika 1,000, nauza 45,000. Boda analipa mteja. Kwenye posti niliandika "bei njoo DM" kama wanavyofanya wengine. Wakishauliza bei na kujibiwa, wanapotea. Niongeze hela, nitafute staa anipostie, au niachane na haya mambo?

Hesabu_Kwanza
Usiongeze hata mia kabla hujaona hesabu yako. 70,000 gawanya kwa wateja 4 ni 17,500 ya tangazo kwa kila seti. Faida yako kabla ya tangazo ni 45,000 toa 31,000, yaani 14,000. Kila seti uliyouza imekula 3,500 ya mtaji. Ili urudishe tu hela ya tangazo ulihitaji wateja 5. Ili ubaki na 7,000 kwa kila seti ulihitaji 10, kwa meseji hizohizo 58. Ukiongeza bajeti leo unaongeza hasara, maana meseji zinakuja, ila huku ndani hazigeuki kuwa mauzo.

Sasa hiyo "bei njoo DM". Najua sababu, watu wanaogopa jirani wa duka la pili aone bei. Lakini jirani anaijua tayari, mnachukua mzigo kwa tajiri mmoja. Unayemficha ni mteja, na unalipia kila anayeuliza kwa udadisi. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, hauangalii nani ana 45,000 mfukoni, unatafuta watu wenye tabia ya kubonyeza na kuandika. Ukimpa tangazo lisilo na bei, unaletewa mabingwa wa kuuliza bei. Weka 45,000 juu ya picha yenyewe, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu ndogo. Meseji zitapungua na gharama ya kila meseji itapanda. Usishtuke ukalizima siku ya pili. Namba ya kuangalia ni gharama kwa kila mteja aliyelipa, na hiyo Instagram haikuonyeshi, unaiandika mwenyewe kwenye daftari.

Jambo jingine ni kuuza zaidi kwa mteja yuleyule. Anayechukua shuka muulize kama anahitaji foronya za ziada, chandarua au pazia. Tangazo umeshalilipia, kitu cha pili kinaingia na faida yake yote.

Kitufe_cha_Bluu
Naongezea upande wa mitambo, maana hapo ndipo hela nyingi zinapovuja.

Ukibonyeza kuboosti kwenye app unaulizwa lengo: watu watembelee profaili, waende tovuti, au wakutumie ujumbe. Wengi wanaacha la profaili, halafu wanashangaa likes nyingi. Chagua ujumbe, na uelekeze WhatsApp moja kwa moja badala ya DM ya Instagram. Kila mteja anapohamishwa kutoka app moja kwenda nyingine, wengine wanabaki njiani.

Eneo usiache Tanzania nzima kama hujajipanga kutuma mikoani. Weka Dar es Salaam. Lakini usibane kupita kiasi, mfano wanawake wa miaka 28 hadi 32 wa mtaa mmoja wanaopenda "mapambo ya ndani". Kundi likiwa dogo mno tangazo linawarudia watu walewale mpaka wanalichoka na gharama inapanda.

Usivunje 10,000 kwenye matangazo matano ya 2,000. Meta wenyewe wanasema kundi la tangazo (ad set) linahitaji takribani matokeo 50 kwa wiki ili litoke kwenye hatua ya kujifunza, yaani mfumo unapotafuta nani wa kumwonyesha. Meseji 58 kwenye tangazo moja zinatosha, zikigawanywa mara tano hakuna hata moja litakalofika. Na kila ukibadilisha picha, umri au bajeti kwa kiasi kikubwa, kujifunza kunaanza upya. Liache siku 4 au 5 kabla ya kuligusa.

Kama unatumia iPhone, usiboosti ndani ya app. Tangu 2024 Apple inachukua asilimia 30 kwa posti zinazoboostiwa kupitia app za Facebook na Instagram za iPhone, ilianza Marekani kisha nchi nyingine. Fungua Instagram au Meta Ads Manager (ukurasa wa kusimamia matangazo) kwenye kivinjari, kwa simu au kompyuta, ulipie huko. Makato hayo hayapo.

Video nayo: wimbo wa Bongo Fleva unaovuma unaweza kukubalika kwenye posti ya kawaida, ukija kuboosti inakataliwa kwa sababu ya hakimiliki. Tumia sauti yako ukielezea kitambaa, au muziki wa bure ambao Meta wanautoa kwa biashara.

MashukaKkoo
Asanteni sana, ya iPhone sikuijua kabisa. Swali: hao waliokwisha kuandika, kuna namna ya kuwajibu wasipotee? Mimi huwa naandika "45,000 dia" basi. Na kadi yangu juzi ilikataa katikati ya tangazo.

Dada_wa_Oda
"45,000 dia" inafunga mazungumzo, mteja hana cha kujibu. Jibu la kwanza libebe kila kitu ambacho angeuliza kwa meseji tano, na liishe kwa swali jepesi. Mfano:

"Karibu sana. Seti ya 6x6 ina shuka 2 na foronya 4, pamba, haichuji. 45,000. Rangi zilizobaki leo: nyeupe, kijivu, maua ya bluu. Dar tunaleta kwa boda, mikoani tunatuma kwa basi. Kitanda chako ni futi ngapi, na uko maeneo gani?"

Akishataja Mbagala au Tabata, wewe unataja nauli ya boda na anajua jumla yake. (Hilo la haichuji liandike kama kweli haichuji.) Kwenye WhatsApp Business hifadhi hayo maneno kama jibu la haraka, unaandika mkwaju (/) na neno fupi kama /sita yanatokea yote. Weka katalogi pia, inabeba mpaka bidhaa 500, hivyo hutumi picha 20 kila mara. Tumia lebo: ameuliza, ameahidi, amelipa, ametumiwa. Jioni fungua lebo ya "ameahidi" uwafuate. Wengi hawajakataa, wamesubiri mshahara tu.

Waombe waseve namba yako. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list, ujumbe mmoja kwa wengi) inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia aliyeseva namba yako peke yake. Usiposevwa unatuma hewani. Status vilevile, haionekani kama hamjaseviana. Mpe sababu: "seva namba hii, mzigo mpya unawekwa status kabla ya Instagram." Na usiwaingize watu kwenye magrupu bila ruhusa. Wakikuripoti wengi, namba inafungiwa, na ndiyo duka lako hilo.

Boda: nauli itangulie kabla hajawasha pikipiki. Mteja akikataa mzigo mlangoni, umepoteza muda lakini si hela. Mikoani malipo yote yatangulie, halafu piga picha mzigo ukiwa na jina na namba ya mpokeaji iliyoandikwa kwa maka peni, na picha ya risiti ya ofisi ya basi. Picha hizo ndizo ushahidi wako akisema haujafika.

Hesabu_Kwanza
Kuhusu kadi: Meta inakata kila deni likifika kiwango fulani, si mara moja mwishoni. Salio likipungua tangazo linasimama na akaunti inadaiwa mpaka ulipe. Weka kwenye kadi ya mtandaoni, ya benki au ya simu, bajeti ya wiki nzima na ziada kidogo, kwa sababu ya kodi na kiwango cha kubadilisha dola. Na usilifute tangazo ukidhani deni limefutika.

Kijiwe_cha_Live
Mimi napingana nanyi kidogo. Shuka ni kitu cha kushika, picha haiuzi kama video. Hiyo 70,000 mngemshauri anunue taa na stendi aingie TikTok Live kila jioni saa 2. Kwa kawaida unahitaji wafuasi 1,000 ndipo ufunguliwe live. Fungua seti, vuta kitambaa kwa mikono miwili mbele ya kamera, onyesha mshono, taja bei kila baada ya dakika chache maana watu wanaingia na kutoka. Namba ya WhatsApp iwe kwenye kadi nyuma yako.

Kitufe_cha_Bluu
Live inafaa, ila inakula mtu wa saa mbili kila jioni na mwingine wa kujibu meseji. Kama yuko peke yake, live ikiisha anakuta watu 30 wamesubiri na nusu wamelala. Ushauri wangu: fanya live, kata kipande cha sekunde 20 cha kuvuta kitambaa, hicho ndicho uboosti.

Mastaa: usilipie idadi ya wafuasi. Omba picha ya takwimu zake za ndani inayoonyesha miji ya wafuasi, umri, na waliotazama stori za wiki hii. Mwenye wafuasi 300,000 na stori inayotazamwa na 2,000, unalipia hao 2,000. Kubalianeni kwa maandishi posti ngapi, zikae saa ngapi, na mpe neno la punguzo la kwake peke yake, ili mteja akilitaja ujue katokea wapi.

Mzawa_wa_Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Hapa shida kubwa ni malipo kurudishwa. Mteja analipa kwa M-Pesa namba ya kawaida, anapokea mzigo, kisha anatuma ule ujumbe wa malipo kwenda 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, akidai alikosea namba. Tumieni Till au Pochi la Biashara (njia za M-Pesa za kupokea malipo ya biashara) badala ya namba ya kibinafsi, na msiachie mzigo hadi muone salio lenu wenyewe. SMS inayotoka kwa namba ya kawaida si ya M-Pesa hata ikiandikwa vizuri namna gani.

Dada_wa_Oda
Huku kwetu lipa namba, na sheria ileile: angalia salio, si picha ya muamala aliyokutumia mteja.

Na MashukaKkoo, namba za wateja zisiishi WhatsApp tu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa saa kama sita dunia nzima, na Oktoba 2025 intaneti ilikatwa Tanzania siku kadhaa. Mwenye daftari aliweza kupiga simu na kutuma SMS za kawaida. Andika jina, namba, alichonunua na saizi ya kitanda. Daftari lenyewe litunze vizuri, taarifa za wateja zina sheria yake tangu 2022. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili Instagram na WhatsApp leo hii. Ukipata ujumbe kwamba ukurasa wako unafungwa kwa kosa la hakimiliki na kuna linki ya kukata rufaa, usiibonyeze. Notisi za kweli utaziona ndani ya mipangilio ya akaunti, sehemu ya hali ya akaunti.

MashukaKkoo
Nimebadilisha picha, bei iko juu. Lengo nimeweka ujumbe wa WhatsApp, Dar peke yake, 10,000 ileile kupitia kivinjari. Daftari nimechora safu tatu: meseji, waliolipa, hela ya tangazo. Wiki ikiisha naleta namba hapa.