Mdahalo wa Harris na Trump: mpango wa kodi wa nani unamfaa dada yangu wa Pennsylvania?

Mwana_Uyole
Wakuu, ugonile, kamwene. Najua kuna atakayeuliza Uyole ya Mbeya na kodi za Marekani ni wapi na wapi. Subirini kwanza. Dada yangu yuko Pennsylvania miaka mingi, ameshachukua uraia wa kule (wa kwetu ukaenda na maji, mnajua sheria yetu Tanzania haina uraia pacha) na Novemba 5, 2024 anapiga kura ya kuchagua rais. Jumatano saa kumi alfajiri niliamka kuangalia ule mdahalo wa wagombea, Harris na Trump, kule Philadelphia, blanketi mabegani. Kulipokucha akapiga simu: "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma uhasibu. Kwa upande wa kodi, nimpe nani?"

Hali yake: anahudumia wazee kwenye kituo, anaongezea kipato kwa ovataimu za usiku. Shemeji ni dereva wa lori. Wanatarajia mtoto Januari. Na ana ndoto ya saluni ya kusuka.

Nilivyowaelewa. Harris: kodi ya makampuni itoke asilimia 21 iende 28, mwenye kipato chini ya dola 400,000 kwa mwaka asiongezewe, familia yenye mtoto mchanga ipunguziwe kodi dola 6,000 mwaka wa kwanza, na biashara mpya iruhusiwe kukata gharama za kuanzia hadi dola 50,000 badala ya 5,000 za sasa. Trump: makampuni yanayozalisha ndani yalipe asilimia 15, tipu (bakshishi za wahudumu) zisikatwe kodi (hapo na Harris anakubali), na Alhamisi, mdahalo umeshapita, kaongeza kwamba hata ovataimu isikatwe. Halafu ushuru wa forodha wa asilimia 10 hadi 20 kwa kila kinachoingia nchini, cha China 60. Nipeni mizani.

Saidia_Fundi
Ovataimu bila kodi. Mjadala umefungwa, tukale ndizi.

Mama_Vitenge_TDM
Haujafungwa mwanangu, kaa chini. Mimi nauza vitenge Tunduma mwaka wa kumi na tatu, suala la ushuru sihitaji kusimuliwa. Trump kasema mataifa mengine ndiyo yatakayolipa. Nikivusha mzigo kutoka Nakonde upande wa Zambia, dirishani pale forodha anayetoa hela ni mimi. Mwenye kiwanda hajawahi kunitumia hata ya soda. Nikishalipa nafanya nini? Naipakia kwenye bei. Mteja wa Mwanjelwa akija kulalamika kitenge kimepanda, namwambia ukweli, kimepandishwa mpakani. Sasa huyo dada yako nywele za bandia za saluni yake atazitoa wapi? Mie najua zinatoka China. Asilimia 60 hiyo, baba.

Mnyalu_Mafinga
Mama, heshima kwako, ila umeangalia upande wa dirisha ulikosimama wewe. Sisi wa mbao na viwanda tunaujua upande wa pili. Hata Afrika Mashariki tangu Julai 2022 tuna daraja la asilimia 35 kwa bidhaa kama samani na nguo kutoka nje ya jumuiya, na hakuna aliyesema marais wetu wamechanganyikiwa. Fundi wa kochi naye ni mpiga kura. Na Trump alimbana Harris kweli: ule ushuru aliouweka kwa China, Rais Biden na makamu wake Harris hawakuufuta. Mei 2024 wakatangaza kuupandisha wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100. Kama ni sumu mbona wameendelea kuinywa?

Mama_Vitenge_TDM
Kochi sawa, linatengenezwa hapo Mafinga. Kulinda unachokitengeneza sina ugomvi nako. Yeye kasema KILA kitu.

Kahawa_Mbozi
Hapo ndipo penyewe. Kila kitu maana yake na kahawa yetu. Marekani kahawa inalima kidogo sana, Hawaii huko. Ukiweka asilimia 10 kwenye kahawa unamlinda mkulima gani? Mnywaji wake atalipa zaidi, na mnunuzi akirudi kwenye mnada atataka kutubana sisi. Na tusisahau soya. 2018 alipowawekea Wachina ushuru, Wachina nao wakaiwekea ushuru soya ya Marekani. Serikali ikaishia kuwapa wakulima wake dola bilioni 28 kwa miaka miwili kuwapoza. Hela hizo zilikuwa kodi za nani?
(Sisi tulipata kamwanya, 2020 Tanzania ikasaini kuuza soya China. Vita vya panzi...)

Mwl_Hesabu_Iringa
Ngoja niwaletee ubao. Kwanza huo mtego wa dola 50,000. Si hela anayopewa mkononi, ni kiasi kinachotolewa kwenye mapato kabla ya kupigiwa kodi. Kama dada yuko daraja la kodi la asilimia 12, faida yake ya juu kabisa ni dola 6,000, tena mpaka saluni ianze kuingiza. Uzuri ni kwamba mpango unamruhusu kusubiri hadi apate faida. Na nani anaanzisha kibanda cha kusuka kwa dola 50,000? Akitumia 15,000, kwa daraja hilo hilo anaokoa 1,800.

Ile 6,000 ya mtoto ndiyo nzito, maana inapunguza kodi yenyewe. Lakini rais anaapishwa Januari 20, halafu Bunge lao lipitishe. Mtoto atakuwa anatambaa.

Ovataimu: tuseme anapata 10,000 kwa mwaka. Msamaha wa kodi ya mapato kwa asilimia 12 ni dola 1,200. Harris alidai ushuru wa Trump utaigharimu familia ya kawaida karibu dola 4,000 kwa mwaka. Hiyo imetoka kinywani mwa mshindani, kwa hiyo ikateni nusu mkitaka. Nusu yake ni 2,000, bado inaimeza 1,200.

Saidia_Fundi
Mwalimu umeniharibia ndizi zangu.

Mjukuu_wa_Rungwe
Mnanikumbusha 2017 hapa kwetu. Tulishangilia ada ya leseni ya gari ya kila mwaka imefutwa, watu wakapiga honi mjini. Kumbe imehamia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, na mafuta ya taa yakawekewa vilevile! Bibi yangu kule Rungwe, ambaye usukani hajawahi kuushika, akawa anachangia leseni za wenye magari kupitia chemli yake. Tangu siku hiyo mwanasiasa akisema "nafuta kodi", naangalia kwanza chemli ya nani inafuatia. Trump kaahidi kufuta ya tipu, ya ovataimu, ya pensheni za wazee. Bili kaitundika kwenye ushuru. Harris kaitundika kwa makampuni na matajiri.

Mnyalu_Mafinga
Na kampuni ikikatwa 28 nayo si itapakia kwenye bei? Au hesabu ya Mama Vitenge inafanya kazi mpakani tu?

Mwl_Hesabu_Iringa
Swali zuri hilo, Mnyalu. Tofauti ni kwamba kodi ya kampuni inatozwa faida. Isiyo na faida hailipi. Ushuru unatozwa mzigo, hata kama utauza kwa hasara. Sikatai kuwa kuna sehemu itamfikia mnunuzi au mfanyakazi, lakini haitui yote kichwani kwa mteja mmoja siku hiyo hiyo. Kumbuka kabla ya 2018 hao hao walikuwa wanatozwa 35. Trump ndiye aliyeishusha hadi 21.

Kahawa_Mbozi
Mnyalu kapiga palipouma lakini. Mimi kwenye hilo bado sijatulia.

Mama_Vitenge_TDM
Mwana Uyole, rudi utuambie dada kasemaje. Na shemeji je? Hao madereva wa lori wanalipwa kwa saa au kwa maili?

Mwana_Uyole
Nimerudi. Shikamoo mama. Shemeji analipwa kwa maili, kwa hiyo habari ya ovataimu kwake ni hadithi. Nimemsomea dada yote, hadi chemli ya bibi, amecheka mpaka akakohoa. La nywele za China limemwingia. Anasema boksi analonunulia sasa hivi tayari limepanda, hajui likipigwa 60 atamtoza mteja kiasi gani.

Nikamuuliza hiyo ovataimu ni saa ngapi kwa wiki, Mwalimu apige hesabu vizuri. Akanyamaza kidogo. Kumbe pale kazini wamezikata tangu Agosti, hazipo.