Albamu za zamani: tunasikiliza muziki au ujana wetu?

Mzee wa Santuri: Wakuu, habari za jioni. Tangu masika yaanze nimejifungia na albamu za zamani, zile ambazo wengi tunazijua kwa wimbo mmoja tu. Ukweli ni kwamba ule wimbo mmoja ndio unaonichosha, umepigwa kila harusi mpaka umechakaa. Songs for the Poor Man ya mwanamuziki Remmy Ongala ninayo miaka mingi na siku zote nilikuwa naishia njiani. Juzi nimeiacha ikaenda hadi mwisho. Magitaa hayagombani mle, kila moja linasubiri zamu yake. Nikahamia Pepea ya Simba Wanyika, ile bendi ya Kenya, nikakutana na gitaa la kati lisilopumzika. Swali: albamu hizi zilisahaulika kwa kuonewa, au tunazipamba kwa sababu tulikuwa vijana?

BintiNgamiani: Bendi ya WAPI? Wilson na George Kinyonga walioianzisha ni watu wa Tanga, baba. Wamepiga na bendi ya Jamhuri Jazz hapahapa kabla ya kupanda Arusha na kuvuka mpaka.

Jamaa wa Eastlands: Dada, walivuka 1971. Wakarekodi Nairobi, wakavuma Nairobi, wakala nyama choma Nairobi. Mngewataka mngewajengea kiwanda cha santuri. Si hata bendi zenu zilikuwa zinaletwa kwetu kufyatuliwa?

Fundi Redio: Inauma lakini ni kweli. RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ilirekodi bendi ili zipigwe redioni, nyimbo zikabaki kwenye mikanda kwao Barabara ya Pugu. Ndiyo maana nyingi mnazoziita albamu ni nyimbo mojamoja zilizokusanywa tu. Zile albamu za Ukumbusho za mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe zilitoka baada ya ajali iliyomuua 1979, kwa hiyo aliyezipanga si yeye. Sasa mtu utasifiaje mpangilio wa albamu ambayo mwenyewe hakuiona?

BintiNgamiani: Kiwanda si uraia. Nyama choma pia si uraia.

Kaka Mrefu: Kwa hesabu hiyo na Remmy mrudisheni kwao basi. Mkongo yule, kazaliwa Kindu. Na albamu yenyewe ya 1992 karekodi Uingereza.

Sinza Damu: Wewe! Mkongo gani ana kituo cha daladala Dar? Shuka Sinza kwa Remmy umuulize konda. Halafu Songs for the Poor Man ni ya 1989, ya 1992 ni Mambo. Mtu hujui miaka unatuletea habari za uhamiaji.

Kaka Mrefu: Nimekosea mwaka. Kindu sijakosea.

Mama Wawili: Samahani kuingilia. Mume wangu ana maboksi mawili ya kanda chini ya kitanda na redio kaseti ilikufa zamani. Kuna fundi anayetengeneza bado, au nizitupe?

Sinza Damu: USITUPE.

Fundi Redio: Mama, usitupe. Mara nyingi ni mkanda wa mpira tu umelegea.

Mzee wa Santuri: Jamani, kwenye albamu hiyohiyo Remmy ana wimbo unaouliza Muziki Asili Yake Wapi, nanyi mnamjibu kwa vyeti vya kuzaliwa. Nimeuliza kama mmesikiliza.

Jamaa wa Eastlands: Cheti cha Wanyika kiko Nairobi, mzee wangu.

BintiNgamiani: Kilete tukione.

Mtoto wa Juzi: Shikamooni. Mimi ni wa 1999, sina ujana humo wa kuukumbuka. Kwa ajili ya ugomvi wenu nimesikiliza Pepea yote ndani ya basi. Mwanzoni nilichoka, nyimbo haziishi! Nikawa natafuta kiitikio, nacho kila nikikipata kinanikimbia. Halafu waimbaji wakanyamaza, lile gitaa likabaki linajirudia, nikajikuta nimepitiliza kituo. Remmy bado sijafika.

Mzee wa Santuri: Marahaba, mwanangu. Angalau mmoja.

Jamaa wa Eastlands: Hongera kijana. Basi la wapi hilo?

Mtoto wa Juzi: Mombasa.

Jamaa wa Eastlands: 😂😂 Mmesikia wenyewe. Mkenya.

BintiNgamiani: Mombasa na Tanga ni nyumba moja, milango miwili. Huyo ni wetu.

Kaka Mrefu: Haya, na huyu naye mumtafutie cheti.